Jinsi ya Kuikosa Postdoki ya Uhandisi Denmark

Njia ya mkato ya kuikosa kazi ya utafiti katika chuo kikuu cha Denmark ni kuiomba kwa lugha ya kuomba karo. Andika kwamba umetoka familia duni, kwamba wewe ni mtoto wa kwanza kati ya saba, kwamba tangu utotoni ulitamani kusoma Ulaya, na kwamba Mwenyezi Mungu atambariki profesa pamoja na kizazi chake akikukubalia. Barua hiyo itasomwa hadi aya ya pili, kisha itafungwa. Wadenmaki wana huruma zao, ila katika bajeti ya mradi hakuna fungu la huruma. Kuna fungu la mshahara wa mtu mmoja, kwa miaka miwili au mitatu, wa kutatua tatizo moja la kihandisi, na msimamizi wa fungu hilo atatakiwa kutoa hesabu kwa aliyempa fedha.

Barua za namna hiyo nimezisoma nyingi, na zimeandikwa na watu waliousotea uzamivu wao kwa jasho, watu walioshinda maabara zenye umeme wa kukatikakatika wakatoka na matokeo ya maana. Zinaniuma. Mtu mwenye kazi nzuri mkononi anapiga magoti mbele ya tangazo la ajira! Ndiyo maana mwongozo huu nauandika kinyumenyume. Nakuonyesha njia za kuikosa kazi kwa sababu ndizo zilizojaa watu.

Tuanze na kutojua unachoomba. Postdoki, yaani utafiti baada ya uzamivu, nchini Denmark ni ajira kamili. Mkataba wake hufuata makubaliano ya pamoja kati ya serikali na Akademikerne, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wasomi. Mshahara hupangwa kwa kuangalia miaka yako ya uzoefu, na mwajiri anakuwekea pensheni ya zaidi ya asilimia 17 juu yake. Wiki ya kazi ni saa 37. Likizo ni wiki tano kwa mwaka, na juu yake kuna siku nyingine za ziada. Ajira hii ina kikomo: chuo kimoja hakiwezi kukushikilia katika ngazi hiyo kupita miaka minne. Fedha zenyewe hutoka Umoja wa Ulaya, mifuko ya utafiti ya serikali, na mifuko mikubwa iliyozaliwa viwandani kama Novo Nordisk, Villum, na ule wa Carlsberg ambao mtengenezaji bia J. C. Jacobsen aliuanzisha mwaka 1876. Profesa unayemwandikia alishaandika andiko refu, akalitetea, akaahidi matokeo kwa tarehe. Anatafuta mtu wa kumsaidia kutimiza ahadi hiyo. Ukilishika hilo, nusu ya makosa ya barua yako yatajifuta yenyewe.

Njia ya pili ya kuikosa kazi ni kusoma kichwa cha tangazo tu. Umeona “Postdoc”, umeona “Denmark”, umeona nishati, vidole vimeshaanza kuandika. Chukua tangazo la kikundi kinachoshughulika na elektroniki za nguvu, zile konveta na inverta zinazougeuza umeme wa turbini au wa sola uweze kuingia kwenye gridi. Sehemu ya majukumu itasema utatengeneza modeli ya kukadiria uhai wa swichi ndani ya konveta, utaipima maabara, utasaidia kusimamia wanafunzi wa uzamili. Sehemu ya sifa itasema uwe na uzamivu au elimu inayolingana nao, uwe umeshika vifaa vya umeme mkubwa kwa mikono yako, ujue programu fulani za uigaji. Chini kuna masharti ya ajira. Chini zaidi kuna jina la mtu wa kuulizwa maswali pamoja na barua pepe yake, na mara nyingi pameandikwa wazi kwamba maombi yasitumwe kwenye anwani hiyo, yapite kwenye mfumo wa chuo. Na hapo ndipo watu wetu wanapomtumia profesa viambatisho kumi na moja.

Yule mtu aliyetajwa ni wa kuulizwa swali, basi muulize swali la mtu aliyesoma: “Je, vipimo vya joto vitafanywa kwenye konveta nzima au kwenye moduli moja moja?” Mistari mitatu inatosha, bila wasifu wako wote. Ukiona umekosa swali, soma makala mbili za kikundi hicho za karibuni. Ukizisoma ukakosa swali tena, mradi huo haukuhusu, tafuta mwingine.

Kuna na barua moja inayopelekwa vyuo vitano, kama kadi ya mchango wa harusi inayobadilishwa jina la mwalikwa kwa kalamu. Hii huwaponza hata waliobobea. Mtu anaandika kwamba amekuwa akitamani siku zote kujiunga na Aalborg, na barua inaingia kwenye mfumo wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, DTU. Vyuo hivi si pacha. DTU kipo Lyngby, kaskazini ya Copenhagen, na kilianzishwa mwaka 1829 na Hans Christian Ørsted, yule mwanafizikia aliyeonyesha mwaka 1820 kwamba mkondo wa umeme unaisogeza sindano ya dira. Watu wa upepo wa chuo hicho wengi wako Risø, karibu na Roskilde, na huko Risø ndiko ilikotoka mwaka 1987 WAsP, programu ya kukadiria upepo ambayo wahandisi wa nchi nyingi wameitumia kupanga mashamba ya turbini. Aalborg, kilichoanzishwa mwaka 1974, kimejenga ufundishaji wake wote juu ya kutatua matatizo halisi kwa vikundi, na kwenye elektroniki za nguvu kinatajwa dunia nzima. Odense ni mji wa roboti. Kampuni ya Universal Robots iliasisiwa huko mwaka 2005 na watafiti waliotoka chuo cha mji huo, Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark. Aarhus ni jirani wa Vestas, watengenezaji wa turbini. Ukimwandikia mtu wa Odense sema kitu ambacho hungeweza kumwandikia mtu wa Aalborg. Kama huna, hujajiandaa.

Sasa salamu. “Mheshimiwa Sana Profesa Daktari Mhandisi, ninayo heshima kubwa na taadhima kuandika mbele yako…” Kwetu heshima hizi zina mahali pake, na simshauri mtu azitupe akiwa Dar es Salaam au Kampala. Denmark mwanafunzi wa mwaka wa kwanza humwita profesa wake kwa jina la kwanza, na profesa humjibu vivyo hivyo. Sifa zikizidi humfanya msomaji ashuku kwamba zinafunika kitu. Mwamkie kwa jina lake, kisha ingia kwenye kazi. Jina likufuate hata kwenye usaili wa mtandaoni: ukishaambiwa “niite Lars”, mwite Lars.

Wasifu wa namna yetu nao ni njia ya uhakika. Picha ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, kabila, dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto, jina la kijiji na la mtendaji wake, shule ya msingi na alama za hisabati za darasa la saba, na mwishoni “ninapenda kusoma riwaya, kutazama mpira na kusafiri”. Hayo yote yanakula ukurasa wa kwanza, na kwenye ukurasa wa kwanza ndipo anayekutathmini anapotafuta mambo manne: uzamivu wako ulihusu nini, umechapisha nini na wapi, umetumia vifaa na programu gani, na nini umekijenga kikafanya kazi. Dini na ndoa hawakuuliza. Matangazo yao husema wazi kwamba kila mwenye sifa anakaribishwa bila kujali umri, jinsia wala asili.

Kwenye machapisho nitakuwa mkali kidogo. Yale majarida yanayokutumia barua pepe usiku yakiahidi kuchapisha makala yako ndani ya siku saba ukilipa dola mia mbili, yaache. Makala moja iliyopigwa na wahakiki kwa mwaka mzima ikachapishwa inakubeba kuliko tisa za kununua, na zile tisa zitamfanya mhakiki aitilie shaka hata ile moja. Kama nyingine iko kwenye uhakiki, sema iko kwenye uhakiki. Usiiite imechapishwa.

Vyeti. Vyuo vyetu hutoa cheti cha uzamivu siku ya mahafali, na mahafali yanaweza kukaa miezi kadhaa baada ya utetezi. Ukisubiri siku ya joho tangazo linapita. Nenda ofisi ya masomo ya uzamili ukaombe barua rasmi ya kuthibitisha kwamba umetetea na umefaulu, yenye tarehe, muhuri na saini, uiambatishe. Kaa pale mlangoni mpaka itoke, maana bila karatasi hiyo mengine yote uliyoandika hayana pa kusimama.

Kuhusu saa ya mwisho, jambo ni fupi lakini limewamaliza wengi. Mfumo hufungwa kwa saa za Denmark, kwa kawaida saa 5:59 usiku kwao, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa 6:59 usiku wakati wa kiangazi chao na saa 7:59 usiku wakati wa baridi yao. Muombaji anahesabu masaa hayo ya ziada, anaanza kupakia faili usiku wa manane, umeme unakatika, bando linakwisha, faili la megabaiti thelathini linagoma. Kesho yake anaandika barua ya kuomba radhi. Matangazo yao yanasema maombi yaliyochelewa hayatashughulikiwa, na hayashughulikiwi. Peleka siku tatu kabla.

Nimeyapitia hayo haraka kwa sababu yanarekebishika kwa wiki moja. Kosa linaloniudhi kuliko yote ni lingine: kuificha nchi yako.

Mhandisi kutoka Kenya au Tanzania anaomba kazi ya nishati ya upepo na anaandika barua ambayo ingeweza kuandikwa na mtu aliyekulia Hamburg. Hataji joto. Hataji vumbi. Hataji gridi inayoyumba. Anaona aibu, anadhani mambo hayo yanamshusha. Lakini fikiria Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kando ya Ziwa Turkana. Pale pamesimama turbini 365 za Vestas, kila moja ya kilowati 850, jumla megawati 310. Ni mashine za kampuni ya Aarhus, na ndani ya mtaji wa mradi ule mlikuwa na fedha za mfuko wa Denmark wa kuwekeza katika nchi zinazoendelea. Turbini zilikuwa tayari mwaka 2017, zikangoja hadi mwaka 2018 laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa ikamilike. Upepo wenyewe unapita kwenye bonde lililo kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia kwa kasi inayotafutwa na wahandisi dunia nzima. Kuna maswali mangapi ya uhandisi pale? Konveta inazeekaje kwenye joto lile? Mchanga unafanya nini kwenye ukingo wa pangaboi? Gridi ndogo inafanya nini upepo ukipungua ghafla alfajiri?

Denmark inapata zaidi ya nusu ya umeme wake kutokana na upepo, na ilijenga shamba la kwanza duniani la turbini za baharini, Vindeby, mwaka 1991. Kwao upepo ni wa baridi na wa bahari ya chumvi, na gridi yao imeungana na ya majirani pande zote. Ujuzi wa mahali pa joto, vumbi na gridi inayoyumba wanao kwa sehemu tu. Wewe umeishi nao. Fungua Ramani ya Upepo ya Dunia, ambayo DTU wameitengeneza pamoja na Benki ya Dunia na ambayo ni bure mtandaoni, uitazame Singida, uitazame Makambako, uitazame Turkana, ujiulize ni kitu gani unachokijua kuhusu maeneo hayo ambacho ramani haikionyeshi. Kiandike hicho.

Mfano wa aya ninayoisema ni huu: “Katika uzamivu wangu nilipima joto la swichi za inverta kwenye kituo cha sola cha kijijini, misimu yote miwili, nikatengeneza modeli ya kukadiria zitakufa lini. Mradi wenu unataka modeli ya namna hiyo kwa konveta za turbini. Upande wa joto naweza kuanza nao wiki ya kwanza. Upande wa mtikisiko sijaugusa, na nimesoma makala yenu ya mwaka jana kwa sababu hiyo.” Hapo hapana kuomba wala kujikweza. Msomaji anajua utafanya nini Jumatatu, na anajua pia wapi atakufundisha. Kukiri usichokijua hakukupunguzii alama kwa watu hawa. Mtu anayejua kila kitu ndiye wanayemkwepa.

Kama hakuna tangazo linalokufaa, upo mlango mwingine ambao wengi wetu hupita mbele yake bila kubisha. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya humpokea mtafiti wa nchi yoyote mwenye uzamivu na asiyezidi miaka minane ya utafiti tangu aupate. Sharti kubwa ni kwamba usiwe umeishi wala kufanya kazi katika nchi unayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho, na kwa aliye Morogoro au Eldoret sharti hilo ni jepesi. Hapa andiko la mradi unaliandika wewe pamoja na profesa wa huko. Alama hugawanywa hivi: ubora wa kisayansi asilimia 50, manufaa asilimia 30, utekelezaji asilimia 20. Kwa kawaida siku ya mwisho huwa Septemba, na vyuo kadhaa vya Denmark huandaa warsha za kuwafunza waombaji miezi kadhaa kabla. Profesa aandikiwe mwanzoni mwa mwaka. Ukimwandikia Agosti umechelewa.

Tuseme umepata. Hata hapo unaweza kuikosa bado, au ukaipata na kuilaani. Mkataba hutangulia, kisha unaomba kibali cha ukaazi na kazi kwa SIRI, idara ya serikali inayoshughulikia wafanyakazi wa kigeni. Hakuna chuo cha Denmark kinachomtoza mtu ada ya kuomba kazi. Wakala anayekudai “ada ya kuchakata” ni mwizi. Kiulize chuo kuhusu mpango wa kodi wa watafiti wa kigeni: asilimia 27 baada ya mchango wa soko la ajira wa asilimia 8, jumla yake halisi ikiwa asilimia 32.84, kwa muda usiozidi miezi 84. Sikia asilimia hizo kabla ya kumwahidi mjomba kiwanja.

Nyumba ndiyo inayowatoa watu jasho. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai amana ya hadi miezi mitatu na kodi ya mbele ya hadi miezi mitatu mingine. Kwa nyumba ya kroner 9,000 kwa mwezi, hizo ni kroner 54,000 kabla hujalipia hata mwezi wa kwanza, na mshahara huja mwisho wa mwezi. Zungumza na ofisi ya chuo inayosaidia wageni siku ile ile unayosaini mkataba. Usimtumie fedha mtu wa mtandaoni ambaye nyumba yake hujaiona.

Mengine utayazoea: chakula cha mchana saa tano na nusu asubuhi, ofisi kuwa tupu saa kumi jioni kwa sababu kila mzazi amekwenda kumchukua mtoto, jua la Desemba linalochomoza Copenhagen karibu saa mbili na nusu na kuzama kabla ya saa kumi. Ukikaa ofisini hadi saa tatu usiku hutasifiwa, utaulizwa kama kuna tatizo. Mwenzi wako ana haki ya kuomba kibali cha kukufuata na kufanya kazi, kwa hiyo mtaje mapema.

Na ukikataliwa, angalia kama kamati imekuandikia tathmini, maana aliyefikishwa kwenye hatua hiyo hupewa maoni kwa maandishi. Wengi huifuta kwa hasira. Isome, kwani ni watu wenye ujuzi walioketi wakaipima kazi yako bila kukulipisha.

Neno la mwisho nawaelekezea wasimamizi wa uzamivu wa vyuo vyetu, kwa sababu kuna kazi zinazopotea mikononi mwao. Denmark humpigia au kumwandikia mdhamini, na humtarajia ajibu ndani ya siku chache. Kijana anakutaja wewe kwa sababu hana mwingine aliyeiona kazi yake kwa miaka minne. Usimwambie aiandike barua mwenyewe uje kutia saini. Usimwandikie ile ya mwaka juzi yenye jina la mwanafunzi mwingine katika aya ya tatu. Sema alipima nini, alikosea wapi akajirekebisha vipi, na kama ungemwajiri wewe. Ukurasa mmoja unatosha, na anauhitaji wiki hii.